Uzito wa Mtoto wa Syombua

Matinyani, Jumapili ya pili ya Novemba, 1936

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha kabla ya kengele ya ibada. Sasa ni saa tisa mchana, jua limetoka kivivu nyuma ya ukungu, na uwanja wote wa zahanati unatoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Kumbikumbi wanapanda kutoka mashimoni, wanaruka kidogo, kisha wanaangusha mabawa yao. Nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, daftari juu ya magoti. Leo sina zamu. Nina usingizi usio wa kulala, ule wa kutazama tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia, na pia kwa sababu mama yangu kule Kalamba, daftari hili likimwangukia mikononi, hatapata jirani wa kumsomea. Hiyo ndiyo kweli. Kuna mambo nataka kuyasema bila mama kuyajua.

Moja ni hili: nusura nimdhuru mtoto kwa neno moja.

Na neno lenyewe lilikuwa la kweli.

Kila Alhamisi akina mama huleta watoto wachanga hapa zahanati ya misheni, na kazi yangu ni kuwapima. Mizani yetu inaning'inia kwenye boriti ya baraza. Ina ndoano, na kwenye ndoano nafunga kitambaa kilichoshonwa kama mfuko. Mtoto akilazwa ndani, springi inanyooka, mshale unashuka, nami nasoma ni ratili ngapi na kuandika kwenye kadi yake. Baadaye Sista, yule muuguzi wa Kizungu anayetusimamia, hupita akisoma kadi moja moja. Mtoto asiyeongezeka anaitwa kando yeye na mama yake.

Syombua alianza kuja mwezi wa nane. Ni wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mumewe yuko kwenye mashamba ya katani, hajamwona mtoto huyu bado. Watoto wawili wa kwanza walikufa kabla ya kuota meno. Huyu wa tatu alizaliwa miezi haijatimia, mdogo kama njiwa, wakamwita Musyoka, maana yake aliyerudi. Mara ya kwanza nilipomlaza kwenye kitambaa mshale ulisogea kidogo sana, nikadhani mizani imeharibika.

Lakini aliongezeka. Kidogo kidogo, kila Alhamisi. Syombua hajui kusoma, ila alijifunza kuutazama mshale. Ukishuka kupita mahali uliposhuka wiki iliyotangulia, alicheka puani tu na kusema, "Anakuwa mzito." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja chakula alichokitamani siku nyingi.

Nimeliwaza sana neno hilo siku hizi. Kwa lugha yetu ya Kikamba linakaribia kuwa lile lile, uito, na kwa lugha zote mbili watu wanalitumia kwa mengi. Mwanamke mwenye mimba ni mzito. Mtu aliyefiwa moyo wake ni mzito. Masikio ya baba yangu siku hizi ni mazito, na mkono wa shangazi yangu ulikuwa mzito tangu zamani, hasa ukiombwa sukari. Lakini mtoto mzito ni jambo la furaha. Ni mtoto aliyekubali kukaa. Mtoto mwepesi, husema wazee, bado mguu wake mmoja uko kwa aimu, roho za waliotangulia, na wanaweza kumwita siku yoyote. Mimi nimebatizwa, nimefundishwa nisiseme hivyo. Ila nilikua nikisikia hivyo, na nikimwinua mtoto mwepesi mikono yangu huogopa kabla kichwa hakijakataa.

Sasa niseme kuhusu Mwalimu Kilonzo, na niseme bila kuficha. Anafundisha shule ya misheni, ng'ambo ya mto mkavu. Ana kitabu cha sayansi kilichopoteza jalada, na akieleza jambo husahau kwamba anaongea na mtu, macho yake yanaenda mbali. Napenda kumtazama akiwa huko mbali. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi nilimwuliza, kwa kisingizio tu, kwa nini springi ya mizani inanyooka. Alikaa kwenye baraza ya shule, akachora duara mavumbini kwa kijiti, kisha akachora watu wadogo wamesimama kulizunguka pande zote, hata upande wa chini.

"Hii ni dunia," akasema. "Inavuta kila kitu kije kwake. Jiwe, maji, wewe. Uzito si kitu kilichofichwa ndani yako, Mwikali. Uzito ni vile ardhi inavyokuvuta. Mtu mzito zaidi ni yule anayevutwa zaidi."

Siku ile nilirudi nikitembea kama niko ubavuni mwa boga kubwa linalozunguka polepole. Kila hatua nilihisi wayo wangu umeshikwa, ukaachiliwa, ukashikwa tena. Nilitazama mbuzi, nikatazama mawe ya uani, nikatazama tembe za dawa nilizokuwa nikihesabu: vyote vimeshikwa, vyote vinaitwa kimya kimya kutoka chini. Kwa siku kadhaa sikuwaza jambo jingine. Nilikuwa na zawadi, nikawa natafuta mtu wa kumgawia.

Nikamgawia Syombua.

Ilikuwa Alhamisi yenye watu wengi. Mshale ulishuka vizuri kuliko siku zote, na Syombua akasema kama kawaida yake, "Anakuwa mzito." Nami nikitaka akina mama wote waliokaa barazani wajue kwamba nimesoma, nikapaza sauti.

"Unajua uzito ni nini hasa, Mama Musyoka? Ni ardhi inamvuta. Kila akiongezeka, ardhi inamvuta zaidi."

Syombua alimtoa mtoto kwenye kitambaa kabla sijamaliza kuandika, akamkumbatia kwa mikono miwili, akaenda zake akaacha kadi mezani. Nilidhani ana haraka. Hapana, niwe mkweli. Nilidhani ameona haya kwa kutojua, na jambo hilo lilinifurahisha kidogo.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Sista akaniuliza, "Mtoto wa Syombua yuko wapi?"

Nikajibu kwamba sijui, labda wako shambani wanapanda. Lakini nilijua. Nilikuwa nimefahamu siku mbili kabla, nikichota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, ghafla tu, mpaka kata ikanitoka mkononi. Kwa mwanamke aliyezika watoto wawili, kusikia ardhi inamvuta wa tatu kuna maana moja peke yake.

Nilikaa na uongo wangu wiki nzima. Alhamisi ya tatu ilipopita bila Syombua, nilimwendea Sista nikamweleza yote, hata ile furaha yangu ndogo ya aibu. Sista si mtu wa maneno mengi. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena.

"Basi wewe ndiye wa kwenda," akasema, na akaishusha mizani kutoka kwenye boriti kwa mikono yake mwenyewe.

Nilikwenda jana, Jumamosi. Ni mwendo wa saa mbili. Kunde zimechipua kila mahali, ardhi nyekundu imelainika, na njia nzima nilisikia springi ikilia ndani ya kiondo mgongoni kwangu. Nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika yalikuwa mengi na mazuri.

Mama mkwe wa Syombua alikuwa uani anapepeta mawele. Aliangalia kiondo kabla ya kuniangalia mimi.

"Wewe ndiye msichana wa mizani?"

"Ndimi, susu," nikamjibu kwa heshima, kama tunavyowaita nyanya zetu.

"Wa wapi?"

"Kalamba."

"Na huko ng'ambo ya mto Athi ndiko mnakofundishwa kuwaambia wenye watoto habari za kaburi?"

Maneno yangu yote mazuri yakaisha hapo.

Akanionyesha kwa kidevu. Syombua alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukiegemea ukuta wa nyumba, Musyoka mapajani. Sikumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Alinitazama bila chuki. Ingekuwa afadhali anitazame kwa chuki.

"Hajamweka chini tangu siku ile," akasema yule nyanya wa mtoto. "Wiki tatu. Analima naye, anachota maji naye, anasonga ugali kwa mkono mmoja. Kulala analala hivyo hivyo amekaa, akishtuka kila mara. Mimi nikimpokea dakika mbili ananisimamia hapo hapo, mikono amenyosha. Maziwa yanapungua. Mimi nimezaa saba, mwanangu, sijaona kitu kama hiki. Ni dawa gani mliyompa?"

"Hatukumpa dawa," nikasema. "Ni neno."

Nilipiga magoti mbele ya Syombua. Nikamwambia kwamba nilijivuna, kwamba nilimsemea jambo nisilolijua vizuri ili wengine wanione. Nikamwambia ardhi haimtaki Musyoka peke yake. Inatuvuta sote, nikasema, mimi, Sista, mbuzi wale, mawe yale, na haina nia yoyote.

"Inatuvuta sote?" akauliza.

"Sote."

"Na sote si tunaenda huko huko?"

Swali hilo nimeliandika hapa kama alivyoliuliza.

"Zamani mshale ukishuka nilikuwa nafurahi," akaendelea kwa ile sauti yake ya chini. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Akikonda, atakufa. Akinenepa, ardhi inamvuta zaidi. Nimtakie nini?"

Nyanya aliacha kupepeta.

Nilinyosha mikono. Sikuwa nimepanga. "Nipe nimshike," nikasema. "Wewe lala."

Alimtazama Musyoka, kisha mikono yangu.

"Hutamweka chini."

"Sitamweka."

"Hata ukichoka."

"Hata nikichoka."

Akanipa. Kisha akateremka kwenye kigoda, akajilaza pale pale juu ya ngozi ya mbuzi iliyokuwa kando ya ukuta, na kabla hajavuta shuka hadi begani alikuwa amelala. Shavu lake moja lilikuwa nje ya ngozi, kwenye udongo. Sijawahi kuona usingizi mzito kama ule. Ulimshika kama maji yanavyoshika jiwe.

Jua lilikuwa utosini. Nilikaa kwenye kigoda chake.

Saa ya kwanza ilikuwa rahisi. Nilimwangalia Musyoka akipumua kwa mdomo, kope zake ndogo zikitikisika, akiota sijui nini, maana ameona nini cha kuota? Mgongo wa mama yake, labda. Nywele za mama yake. Saa ya pili mkono wa kushoto ulianza kuwaka. Nikambadilisha. Mkono wa kulia nao ukaanza. Hewa ilisimama. Majani ya mbaazi yalisimama. Uwanja wote ukawa kama kitu ninachokiona chini ya maji, nyanya akipepeta taratibu upande wa pili, makapi yakipanda na kukaa hewani kuliko kawaida, kama yamesahau njia ya kushuka.

Hapo ndipo nilipouhisi uzito. Sijui niueleze vipi. Nilimhisi mtoto akishuka. Hakusogea, alikuwa amelala tu, lakini alikuwa akishuka muda wote, bila kuacha hata kidogo, na mikono yangu ilikuwa ikimkatalia muda wote. Kitu hiki Mwalimu alikichora kwa kijiti mavumbini. Sasa kilikuwa kwenye mifupa yangu, na kilikuwa na joto, na kilinukia maziwa. Nikawaza: kama ardhi isingemvuta, nisingejua kama nimeshika mtu. Angekuwa kama moshi mikononi. Ningemshika kwa macho tu.

Na huyu mwanamke amefanya hivi wiki tatu.

Nyanya alikuja akasimama karibu yangu. Aliona ninambadilisha mtoto mkono tena. Akaikunjua ngozi nyingine, akaitandika miguuni pangu, akasema kwa kunong'ona, "Mlaze hapo. Hatajua. Ukisikia anaamka unamwinua."

Nitaandika kweli: nilitamani sana. Na huenda ingekuwa ushahidi mzuri. Angeamka amkute mtoto mzima juu ya ardhi, hofu iishe. Lakini nilikwisha kumwumiza kwa neno la kweli. Sikutaka kumponya kwa hila.

"Nilimwambia sitamweka, susu."

Nyanya alinitazama, safari hii uso wangu, si kiondo. Akaenda ndani akaleta kata ya uji akaninywesha mwenyewe kama mtoto, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi.

Vivuli vilikuwa vimerefuka Syombua alipoamka. Aliamka kwa kushtuka, mikono ikipapasa kifua chake kitupu, akaruka akakaa. Akaniona. Akamwona mtoto pale pale alipomwacha.

"Nimelala kiasi gani?"

"Tangu jua likiwa utosini."

"Na hukumweka chini?"

"Sikumweka."

Aliiangalia mikono yangu. Ilikuwa ikitetemeka vibaya, hata shuka la mtoto lilikuwa likitetemeka. Kisha akagusa shavu lake, akakuta udongo, akautazama kwenye vidole. Akageuka akatazama mahali alipokuwa amelala, ngozi iliyokunjamana, alama ya shavu lake kwenye udongo. Aliitazama alama ile kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mimi nimelala hapo mchana wote," akasema polepole. Sidhani alikuwa anasema nami.

Akampokea Musyoka. Akapiga magoti kwenye ile ngozi nyanya aliyoitandika, akamteremsha. Kwanza mkono wake ulibaki chini ya kichwa, mwingine chini ya mgongo. Akakaa hivyo. Nikahesabu pumzi zangu nikaacha kuhesabu. Akautoa mkono wa mgongoni. Ule wa kichwani aliutoa kidole kimoja kimoja.

Musyoka alifumbua macho. Akanyosha miguu yote miwili, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu ikiwa na nafasi ya kunyooka, akapiga chafya.

Nyanya alitugeuzia mgongo, akarudi kwenye ungo wake uliokwisha kuwa mtupu, akapepeta hewa.

Kisha Syombua akasema, "Mpime."

Tuliitundika mizani kwenye mti wa ghala. Aliutazama mshale, nami nikamwambia kilichosomeka na sikuongeza neno: nusu ratili zaidi ya mara ya mwisho.

"Hiyo ni nyingi?"

"Ni kidogo," nikasema. "Kwa wiki tatu ni kidogo. Anataka maziwa, na wewe unataka kulala na kula ili maziwa yaje."

Akaitikia kwa kichwa. Hakucheka puani. Lakini alimtoa kwenye kitambaa taratibu, akamrudisha kwenye ngozi, akakaa kando yake, ukucha wa kidole chake cha mguu ukigusa ule wayo mdogo. Nilipokuwa nafunga kiondo aliniuliza kama Alhamisi kutakuwa na watu wengi. Nikamwambia aje mapema, nitampima wa kwanza.

Leo baada ya ibada Mwalimu Kilonzo alinisimamisha nje ya kanisa. Alikuwa amesikia nilikwenda na mizani. Nikamweleza yote, nikiwa nimekusudia kumkasirikia. Alisikiliza akitazama chini, na safari hii macho yake hayakwenda mbali.

"Nilichokwambia ni sahihi," akasema mwishoni, kama anayejiuliza.

"Ni sahihi. Nami nilimwambia hicho hicho."

Waumini walitupita wakitusalimu. Kisha akaniuliza nilimshika vipi mtoto muda wote ule, saa nne, tano. Nikamwonyesha. Nilikunja mikono mitupu mbele ya kifua, hivi. Mwalimu akainyoshea yake, karibu kabisa, chini ya yangu, bila kuigusa, kama mtu anayetaka kupokea. Kisha akaona watu, akaiweka mifukoni.

Sijui kama Musyoka ataishi. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama kwa muda. Mizani haijui, Sista hajui, na ule mchoro wa mavumbini haukusema. Najua tu kwamba leo, saa hii, huenda amelala kwenye ngozi ya mbuzi uani kwao, na mama yake amelala karibu yake, wote wawili chini.

Mkono huu unaoandika unauma kuanzia begani hadi kwenye kidole gumba. Sista amenipa chupa ya mafuta ya kujichua. Iko hapa kando yangu kwenye kizingiti, sijaifungua. Nitajichua kesho. Leo nataka kuendelea kumshika kidogo.